Vibrate, kuanzia simu mpaka ilimba

Mdogo wangu yupo fom tuu, juzi kaniuliza eti vibrate na shake si kitu kimoja tu? Hapana bana. Shake ni kutikisa kwa jumla, chupa ya dawa unaitikisa, mwembe unautikisa, ila vibrate ni kutikisika harakaharaka huku na huku, kidogokidogo tena mfululizo, mara nyingi hata huoni, unahisi tu mkononi. Simu ikiwa kwenye vaibresheni ndo hivyo, ndani ya simu nyingi kuna kamota kadogo kenye uzito uliokaa upande mmoja, kakizunguka simu nzima inatetema.

Mafundi wa hapa Dodoma, na ujenzi ulivyoshamiri tangu serikali ihamie, wanalijua kitambo kupitia vaibreta, ile mashine ya kuchomeka kwenye zege bichi itoe mapovu ya hewa, maana hewa ikibaki nguzo inakuwa na matobo na nguvu hamna. (Ukizidisha nako unaharibu, kokoto zinazama.)

Ila mfano wangu ni ilimba yetu ya Kigogo, ile ala ya muziki yenye vijichuma vya kuchezesha kwa vidole gumba. Unabonyeza kijichuma, unakiachia, kinatetema, hewa nayo inatetema mpaka sikioni, kirefu taratibu sauti nzito, kifupi haraka sauti nyembamba, na mwanamuziki wetu wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, alivyokuwa anavichezesha we acha tu. Kwa Kiingereza ungesema the keys vibrate.

Sasa mtu anayetetemeka kwa baridi ya asubuhi ya Julai huku kwetu usimwambie ana-vibrate, huyo ana-shiver.