Simu za wasomaji
Tangu makala yangu kuhusu falme za jadi za Uganda itoke, simu haijatulia. Niliandika kwamba Rais Obote alizifuta mwaka 1967, zikarudishwa 1993, na Katiba ya 1995 ikawakataza wafalme siasa za vyama. Wasomaji wa Mengo, makao makuu ya ufalme wa Buganda, wanasisitiza kuwa federo, yaani mfumo wa shirikisho wanaoudai, bado ni deni. Hayo nimeyazoea. Ila mzee mmoja wa Kasese, magharibi mwa nchi, alinitumia ujumbe wa sauti, jogoo akiwika nyuma yake: “Mwanangu, ufalme wetu wa Rwenzururu ulitambuliwa na serikali 2009 tu. Asituambie mtu kwamba utamaduni si siasa.” Nakubaliana naye kabisa. Novemba 2016 jeshi na polisi walivamia ikulu ya mfalme wao, watu wengi wakauawa. Shikamoo mzee wangu, usichoke kuniandikia, hata siku ukinipinga.