Mkate na Maji Chini ya Mretemu

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimekaa na sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza. Eliya, aliyeuona moto ukishuka Karmeli, sasa yuko jangwani peke yake chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, akimwomba Mungu aiondoe roho yake. Simwiti mgonjwa wa sonona, kwa kuwa Maandiko hayasemi hivyo. Ninachotazama ni jinsi alivyohudumiwa. Malaika hakumkemea kwa upungufu wa imani, bali alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akarudi na kumgusa mara ya pili.

Sisi huanza na kemeo. Mtu akikosa usingizi, hamu ya kula na furaha kwa wiki mbili au zaidi, huku akijiona si kitu, tunamwambia aongeze maombi, ilhali huenda ni sonona, inayotibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa vidonge, au kwa vyote viwili. Vidonge huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na wengi huviacha kabla. Na anayesema maneno ya Eliya asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Baipola, ugonjwa wa akili wenye vipindi vya juu na vya chini, hutuchanganya zaidi, kwa sababu upande wake mmoja hufanana na tunayoyashangilia kanisani. Mdogo wangu alipokuwa akilala saa mbili tu kwa usiku, akisema bila kutua, akagawa akiba yake yote na kutangaza kwamba ametumwa kwa mataifa, tulisema upako umeongezeka, nami niliitikia amina. Miezi mitatu baadaye hakuweza kuinuka kitandani, tukasema amerudi nyuma. Ulikuwa ugonjwa uleule. Daktari anapaswa kuelezwa habari za vipindi vyote viwili, maana dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kumrusha mgonjwa wa baipola kwenye kile kipindi cha juu.

Leo mdogo wangu anatumia lithiamu, chumvi ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wa namna hiyo. Damu yake hupimwa mara kwa mara, kwa kuwa maji yakipungua mwilini dawa hurundikana na kuwa sumu: mikono hutetemeka sana, hutapika, huyumba. Kwa hiyo mfungo wa kavu, usio na chakula wala maji, ni hatari kwake, na mkesha wa kukosa usingizi unaweza kuuamsha ugonjwa. Viongozi wa maombi, nawasihi kwa machozi, msimwambie mtu aache vidonge vyake ili kuthibitisha imani.

Ijumaa iliyopita, mkesha ukiendelea sebuleni kwetu, mama alimwita mdogo wangu saa tatu usiku. Alikula, akameza kidonge chake kwa maji, akaenda kulala, nasi tukapunguza sauti za nyimbo.