Majina yalipoachana njiani

Jumamosi tuko mwaloni Kirumba, Mwanza, kununua dagaa, binti yangu akaniuliza, "Mama, kazini kwenu mnahesabu nini?" Nikamjibu "samaki", akaridhika. Niliyebaki na swali ni mimi, maana mimi ni mchambuzi wa data za DNA chuoni, na jibu la kweli ni ule usiku wa furu, samaki wa Ziwa Victoria.

Furu wa majabali, Pundamilia nyererei, yule ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Jenomu yake, yaani DNA yake nzima, ilichapishwa 2014, kwa hiyo ya kulinganishia ilikuwepo. Tulikuwa tunatafuta tofauti kwenye jeni ya LWS, inayohusika na kuona rangi nyekundu kwenye maji ya kina. DNA ilisomwa ughaibuni, faili zikaja kwa jozi: R1 upande mmoja wa kila kipande, R2 upande wa pili. Nikawasha bwa mem, programu ya kutafutia kila kipande mahali pake kwenye jenomu, haikufika mbali. Ikakatika ikilalamika kwamba majina ya jozi hayafanani.

Kwenye FASTQ, muundo wa faili hizo, kila kipande kina mistari minne: jina linaloanza na @, herufi za DNA, alama ya +, kisha alama za ubora. Nikachomoa mstari wa kwanza wa kila minne, R1 na R2, nikazipanga safu mbili ubavu kwa ubavu kwa amri ya paste. Juu majina yalikwenda sambamba. Nikashuka nayo taratibu, kidole kwenye kioo, nikisoma tarakimu za mwisho tu kwa sababu huko mbele yote yanafanana. Mara kushoto jina moja halipo. La chini yake limepanda kuziba pengo, na kuanzia hapo kila jina limesimama na mwenza wa jirani, kama kandambili mlangoni mwa msikiti mtoto akishaondoka na mguu mmoja.

Aliyekata ncha mbovu alisafisha R1 peke yake na R2 peke yake. Programu ikatupa vilivyobaki vifupi mno bila kumtoa mwenzake. Zipo programu za kuoanisha upya kwa majina, ila mimi niliomba faili mbichi pamoja na md5 zake, namba za kuthibitisha kwamba faili imefika nzima, nikasafisha zote mbili kwa amri moja. Heri bwa ilisusa. Chombo kisichokagua majina kingeendelea kimyakimya, na dalili ungeikuta baadaye kwenye samtools flagstat, amri ya kutoa muhtasari wa matokeo, jozi zilizokaa sawasawa zikiwa chache mno.

Makala ikatoka. Jina langu liko katikati ya orodha, kule tunakowekwa wachambuzi wa data. Fomu ya kupanda cheo inataka makala ulizoandika wa kwanza au wa mwisho; kulinganisha majina usiku hakuna kisanduku. Wanafunzi wangu huanza kwa kuhesabu mistari na kugawanya kwa nne, R1 na R2 zitoke sawa, ndipo tuzungumze. Wengine wananiona msumbufu. Kama hivi ndivyo mtu anavyojenga jina chuoni, hilo bado nabishana nalo.