Magadi

Jana kitinda mimba wangu alinikuta jikoni nikitia magadi kwenye maharage. "Mama, hayo yanafanya nini?" Yanalainisha, nikamjibu. Hakuridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki na chembe vidoleni, akili imesharudi maabara.

Siku ile mchanganyiko nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe: kalisi, albumini, sukari, joto nyuzi 37. Mbegu za kiume za panya ziliogelea humo, ila kivivu, kama watu wanaotoka msibani. Saa nzima ikapita, kisha nusu nyingine. Nikaanza kumlaumu panya.

Mzee wa maabara akainamia hadubini, kimya, halafu akauliza, "Binti, magadi umetia?" Ndivyo alivyoiita bikabonati ya sodiamu. Sikuwa nimetia.

Akachota kidogo kwa pipeti, akadondosha pembeni mwa tone langu, akanisogezea kiti. Nikatazama. Hata dakika haikuisha. Mkia mmoja ulianza kupiga haraka, kisha wa jirani yake, kisha uwanja mzima ukachemka, nisijue nimfuate yupi. Nilisahau kupumua. Kwenye madaftari nilikuwa nimekariri yote: bikabonati inaingia, inaamsha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli, nayo cAMP inakifungua kimeng'enya kingine, kinasi A, ambacho kazi yake ni kubandika fosfati kwenye protini. Mbegu iliyokomaa haiundi protini mpya, inatumia ilizotoka nazo nyumbani, kwa hiyo kubandika na kubandua fosfati ndiyo namna yake ya kubadilika. Nilijibu hayo kwenye mtihani. Kuyaona ni jambo lingine.

Mchapo mkali zaidi wa mkia, kama wa mjeledi, unaoisaidia mbegu kulifikia yai na kulitoboa, ulikuja baadaye, baada ya saa moja hivi. Watafiti wawili, Chang kule Marekani na Austin kule Australia, waligundua mwaka 1951, kila mtu kivyake, kwamba mbegu, hata iliyokomaa, hulazimika kuiva kwanza ndani ya jike; kuiva huko ndiko nilikokuwa nikikuiga kwa mchanganyiko wangu. Mama yangu alipouliza kwenye simu ninasomea nini hasa, nilisema kemia.

Kwenye ripoti niliandika kwamba sampuli isiyo na bikabonati ilikuwa ya kulinganishia. Msimamizi akaisifu: mpango mzuri, alisema. Mzee alikuwa amesimama pale pale, akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Hakunitazama, nami sikumtazama.