Asilimia 95

"Mwanangu akiniletea 95, namchinjia jogoo. Hongera binti."

Ni Jumamosi saa nne usiku na maneno ya mzee yule bado yananizunguka. Wiki hii da Mwana kajifungua salama (wa kiume, tena!), ofisi imehama Sinza, na mimi akili imeganda kwenye kikao cha Jumanne.

Mzee ana mabasi ya mikoani. Vijana wa kampuni nyingine wamemtengenezea programu ya kukatia tiketi kwa simu, sisi tumelipwa tuipime kabla abiria hawajaigusa. Majaribio 240, yaliyopita 228, yaliyofeli 12. Akavaa miwani, akaona asilimia 95 ukurasa wa kwanza, akaniahidi jogoo.

"Mzee, naomba twende ukurasa wa saba."

"Kuna nini huko?"

"Siti moja inauzwa mara mbili."

Akavua miwani. "Binti, hata makondakta wangu wanauza siti moja mara mbili. Hiyo siyo kasoro, huo ni utamaduni."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bosi wangu naye alicheka, tena ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Siku tatu nzima nimekuwa nikimjibu mzee bafuni, kwenye daladala, nikimenya vitunguu. Ningemwekea ile Tecno mezani. Chagua siti 14, weka namba ya siri, hela inakatwa. Zima data kabla jibu la malipo halijarudi. Programu inasubiri, inakata tamaa, inaiachia siti 14 kana kwamba hakuna aliyelipa. Shika simu ya pili: siti 14 ipo, karibu mteja. Nilirudia mara 10, ikatokea mara 4. Na kule njiani mtandao haungoji mtu auzime, unakatika wenyewe.

Baya zaidi, aliponiuliza, "Kwa hiyo hayo 228 hayana shida?" nikajibu, "Ndiyo mzee." Ndiyo! Mimi, ninayewaimbia vijana wapya kila siku maneno ya Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta, ya mwaka 1970, kwamba majaribio huonyesha kasoro zilizopo, hayawezi kuonyesha kwamba hazipo. Kicheko kilinitoa ujasiri, nikataka tu kukaa.

Jana nikaifungua ile ripoti nimtafutie mzee makosa vizuri. Nikayakuta yangu. Ukurasa wa kwanza kuna duara la kijani kubwa kama sahani ya pilau, 95 katikati. Nililichora mimi, na rangi nilichagua mimi. Kuchapisha nauli mbele ya jina na kuuza siti ya mtu vyote vimehesabiwa kosa moja moja, uzito sawa ndani ya ile asilimia. Halafu ukurasa wa saba, mstari wa tisa: "Kutolandana kwa hali ya malipo na hali ya siti pindi muunganisho unapokatika." Mwenyewe ilibidi niisome mara mbili. Mzee wa watu angeshtuka vipi?

Nikafuta duara. Nikaandika juu kabisa: "Mama anakwenda Singida. Amelipa, hela imekatwa. Anafika stendi na mtoto mgongoni, siti yake amekaa mtu mwingine mwenye tiketi halali. Programu isitoke kabla hili halijarekebishwa." Makosa mengine 11 yakashuka chini, yakae huko kwanza. Nikamtumia mzee WhatsApp bila kumpitia bosi, Mungu anisamehe.

Leo asubuhi kajibu: "Huyo mama wa Singida ni nani? Nipe namba yake nimrudishie hela."

Nimecheka hadi machozi. Sijui nimemweleza au nimempoteza zaidi, ila jogoo hakumtaja tena.

Mama naye alinipigia jioni. Kanitumia picha ya meseji ya salio, anataka nimsomee kumebaki kiasi gani. Nikamuuliza, miwani iko wapi? Akasema ameivaa.