Neno moja lilisimamisha kazi

Bandugu wa kompyuta mu Lubumbashi, kuna wakati ku kazi tulikesha juu ya neno moja tu. Servisi ya stoki, yaani programu inayotumia programu zingine habari za mali, ilikuwa inatuma jina "namba", mwenzetu akabadilisha akaandika "kode", hakuambia mtu, programu ya fakture inatafuta "namba" haioni, asubuhi fakture zote zinatoka sifuri, kamio zimejaa ku geti, na mama wa kesi anahesabu kwa mkono mu kaye, mukono unatetemeka. Niliumia kabisa kumuona vile.

Njo nikaelewa hatuna mahali pameandikwa servisi gani iko, ya nani, toleo gani, na nani anaitumia.

Basi nikaanza kulinganisha rejista za servisi, yaani vyombo vya kuandika hayo yote mahali pamoja. WSRR (WebSphere Service Registry and Repository) ya IBM na Oracle Enterprise Repository vilikuwa vyombo vya nguvu, lakini vilikuwa leseni ya kulipa na ukiingia unaingia mu nyumba yao nzima, na vyombo vyao vingine. CentraSite, wakati ule ya Software AG, niliipenda sana kwa kitu kimoja, ilikuwa inakuonesha ukigusa servisi hii ni zingine gani zitaguswa, yaani ile ile ingetuokoa usiku ule! WSO2 Governance Registry ilikuwa chanzo huria, yaani kode yake iko wazi kwa kila mtu, leseni ya Apache 2.0, ulikuwa unaweka ku serva yako mwenyewe, na servisi ilikuwa inapita kutengenezwa, kupimwa, halafu kutumika, uliweza kuweka mtu wa kukubali kila hatua. Kwa timu ndogo kama yetu mi nilisema hiyo.

Tulianza na servisi sita, kila moja na jina la mwenye kuichunga. Ya stoki njo ilikuwa ya kwanza.