Wanga wa viazi ulivyotuingiza kiwanda cha dawa

Nafundisha kemia chuo kikuu hapa Mbeya. Watafiti wengi ninaowafahamu, wakitaka kushirikiana na viwanda vya dawa, hushuka Dar es Salaam na mmea mkononi: mzizi huu unaua bakteria, jani lile linashusha sukari. Kiwandani wanasikilizwa kwa adabu, wanapewa chai, biashara imeishia hapo. Kugeuza mzizi kuwa dawa mpya ni kazi ya miaka na mabilioni, na viwanda vyetu vinaishi kwa dawa za siku nyingi kama parasetamoli.

Mimi nilipitia kwa wanafunzi. Mmoja wao alikuwa mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda kimoja, idara ya udhibiti ubora. Nilipokwenda kumkagua nikamwomba mkuu wa idara, mama asiye na maneno mengi, anitajie kitu anachoagiza nje kinachomsumbua. Jibu alikuwa nalo mdomoni.

"Wanga, Dokta. Meli ikichelewa, mashine zinalala."

Wanga hushikanisha unga wa kidonge usimomonyoke, kisha ukikutana na maji huvimba na kukipasua. Kidonge cha kawaida kisicho na ganda hutakiwa kisambaratike ndani ya dakika 15. Na sisi huku Uyole na Uporoto msimu ukikolea viazi vinakosa mnunuzi!

Tulianza kwa sampuli. Vitabu vya viwango vya dawa vinaruhusu wanga wa viazi uwe na unyevu usiozidi asilimia 20, na bakteria aina ya E. koli wasionekane kabisa. Tukapita. Halafu simu ya yule mama ikaja: "Dokta, mzigo wenu mzuri, ila gunia la tatu si ndugu wa la kwanza."

Alikuwa sahihi. Lumbesa moja ya sokoni, gunia lililojazwa kupita mdomo, ina mbegu ya Kikondo, ina ya Obama, ina viazi vya juzi na vya miezi mitatu stoo. Kwa chipsi haina neno. Kwa mashine ya vidonge, punje za wanga zikibadilika ukubwa, unga hautiririki sawasawa na uzito wa kidonge unayumba. Tukakubaliana na kikundi kimoja cha wakulima watenge viazi kwa aina ya mbegu, na kila gunia lifungwe na karatasi yake: shamba, tarehe ya kuvuna, tarehe ya kukamua. Hakuna jarida litakalochapisha daftari la magunia, lakini ndilo lililofanya kiwanda kituamini kuliko makala zangu zote.

Mkataba ulitusumbua zaidi ya kemia. Kiwanda kilitaka siri, chuo kilitaka mwanafunzi achapishe tasnifu. Tulimaliza hivi: kiwanda kinasoma andiko kwanza na kuondoa vipimo vya bidhaa yake, njia ya kusafisha wanga inabaki mali ya chuo. Mwanasheria wa chuo aitwe mapema, kabla hamjazoeana mkaoneana aibu kutaja fedha.

TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa na vifaa tiba, nao wana ofisi ya kanda hapa Mbeya. Tulikwenda kuuliza kabla ya kufika mbali, kwa sababu kubadili chanzo cha malighafi kunagusa jalada la usajili wa dawa. Sasa vidonge vya majaribio viko kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, kuona kama vitahimili joto na unyevu, na kiwanda kimeomba wanafunzi wengine wawili, safari hii kwa kuwalipa posho.